Nguzo za Limbani

Niliazima raba za mwanangu Shaame,
namba arubaini na mbili, na mie navaa thalathini na tisa.
Nafasi iliyobaki nikaijaza soksi mbili mbili
na kipande cha kanga iliyochanika.
Nikatoka baada ya sala ya alfajiri,
kabla Utaani haijafungua macho, wala midomo.

Mpango wangu ulikuwa mfupi:
nguzo moja ya umeme nikimbie, nguzo moja nitembee,
mpaka Limbani, au mpaka niseme basi.
Ya kwanza niliifikia.
Ya pili nilitembea.
Ya tatu, niseme kweli, nilirudi nyuma nikaikumbatia ya pili,
moyo unagonga kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi
na anajua umo ndani.

Miaka ishirini na miwili nimekaa masjala
napanga mafaili ya mashamba ya watu:
nani kapakana na nani,
mkarafuu uliolalia bonde ni wa nani.
Mwili wangu sikuufungulia jalada.
Ulipotelea humo humo,
baina ya chai ya saa nne
na maandazi ya saa nne na nusu.

Hakuna aliyeniambia kwamba kukimbia kuna kelele.
Pumzi inakoroma, raba zinapiga pwa, pwa,
baibui linashika magoti, funguo zinalia mfukoni.
Bi Mwanakombo akafungua dirisha:
“Raya! Nani kafa?”
“Hajafa mtu.”
“Sasa unakimbilia nini?”
Sikumjibu. Nilisingizia pumzi.

Siku ya pili nilishuka ngazi kinyumenyume.
Siku ya nne mapaja yamechubuka,
nikayapaka mafuta ya nazi kama napaka sufuria.
Kila rakaa magoti yalitoa taarifa yake,
na dada yangu, safu ya nyuma, alikuwa anayasikia.

Bi Mwanakombo, ningekuwa na pumzi ningekwambia hivi:
mwezi wa Rajabu, pale stendi,
Thuwaiba alichopoka mkononi mwangu.
Miaka miwili, gauni la njano, anacheka,
na gari ya mchanga inashuka.
Nilipiga hatua nne.
Nne tu. Ya tano haikuja,
miguu ilikataa kama punda wa kuazima.
Muuza mbatata, mtu nisiyemjua hata jina,
akamdaka kwa mkanda wa gauni.
Nilimshukuru nikiwa nimekaa chini, juu ya lami.
Nyumbani nilisema mtoto kaanguka kidogo.

Basi nikawa natoka.
Si kila siku. Siku nyengine nililala
nikazisikia raba zinanitazama chini ya kitanda.

Ulipoingia msimu, karafuu zikaanikwa ukingoni mwa barabara,
jamvi kwa jamvi, kijani, kisha nyekundu, kisha kahawia,
harufu inaingia kifuani bila hodi
na kukuta vyumba ambavyo mie mwenyewe sikuwahi kuvifungua.
Faki, mtoto wa Bikombo, aliwekwa kufukuza kuku.
Kazi hiyo haikumtosha, akajipa na kunihesabia:
“Leo nne!”
“Leo tatu, jana ulikuwa hodari.”
“Sita! Wallahi sita, nakuapia!”
Nilimchukia yule mtoto. Nilimpelekea maandazi.

Asubuhi moja, nyuma ya mvua,
nilikuwa nawaza jiko:
gesi nimeizima, sikuizima?
Niliwasha chai, nikamimina, nikafunika chupa,
halafu mkono wangu ulikwenda wapi?
Nikawa naufuata ule mkono jikoni,
kutoka chupa kwenda kabati, kutoka kabati kwenda kitasa,
na nilipozinduka kuhesabu
nguzo zilikuwa nyuma yangu,
zimesimama na nyaya zao, hazina habari.

Faki alikuwa amelala juu ya gunia, fimbo kifuani,
kuku wanachakura karafuu za watu.
Hapakuwa na wa kuniambia ni ngapi.
Ningeweza kurudi nikazihesabu.

Nikawafukuza kuku, nikaendelea.

Gesi, nilipofika nyumbani,
nilikuwa nimeizima.